Kituo Nisichofundishwa

"Huyu dada ndiye atakayetuimbia leo. Mimi mwenyewe simjui sana, namba yake nimepewa na jamaa mmoja tu."

Ndivyo mume wangu alivyomtambulisha mbele yetu sote, huku akichomeka waya wa gitaa lake kama mtu asiye na neno moyoni. Ilikuwa mchana kweupe, tuko kwenye ukumbi mdogo wa mikutano, tunajiandaa kupiga muziki kwenye sherehe ya kumuaga muuguzi aliyestaafu. Mwimbaji wetu wa siku zote alikuwa amekaukiwa sauti kwa mafua. Huyu mpya walimwita Chiriku. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mashavu yana vishimo hata kabla hajacheka.

"Karibu, mdogo wangu," nikamwambia. "Ukikwama, tuangalie sisi wa huku nyuma."

"Asante, dada," akajibu, akainamisha macho.

Nikasema moyoni, huyu mtoto kalelewa. Jamani! Laiti ningejua.

Niwaambie kwanza nilifikaje kwenye gitaa, maana kazi yangu mimi ni kuuza duka la dawa, na umri wangu ni wa kuwa na wajukuu. Mume wangu ndiye mwenye bendi. Siku za kazi ni fundi wa majokofu, wikendi ni mali ya muziki, na watu wote wanamwita Solo kwa sababu ya gitaa analopiga. Jumamosi zangu zote za ndoa nilizipitisha na televisheni. Miaka ya mwisho ndiyo tukawa tunaishi kama wapangaji wa nyumba moja. "Umekula?" "Nimekula." "Maji yanatoka?" "Yanatoka." Basi, kila mtu na upande wake wa kitanda.

Mpiga besi wao alipohama, bendi ikakosa mtu. Siku moja nikaropoka mezani.

"Nifundishe mimi."

Solo akaacha kijiko hewani. "Wewe? Besi? Na magoti yako hayo?"

"Kwani besi inapigwa kwa magoti?"

Akacheka. Zilikuwa siku nyingi sijamchekesha. Halafu akanitazama kwa muda mrefu mpaka nikajipangusa mdomo nikidhani nina wali.

"Haya," akasema. "Tuanze leo."

Watu wangu, nilifundishwa! Kila jioni anakaa nyuma yangu, mikono yake imepita mabegani mwangu, ananipangia vidole kimoja kimoja. Nikatoka malengelenge, dukani nikawa nashika vidonge kama naokota makaa. Wimbo wa kwanza alionipa ni ule alionitungia wakati ananichumbia, unaousifu mwanya wangu. Nikawa napanda kitandani nacheka peke yangu. Sikuwa na shaka hata chembe: mume wangu amenirudia.

Wala hakungoja niive. "Besi haijifunzwi chumbani," alisema. "Utajifunzia mbele za watu." Akanibeba kwenye shughuli ndogo ndogo, mara ufunguzi wa saluni, mara mahafali ya chekechea. Aliyenishika mkono huko ni mpiga dramu wetu, mchomeleaji vyuma tunayemwita Fundi.

"Shemeji, sikiliza mguu wangu," aliniambia. "Nikikanyaga, na wewe gonga. Ukipotea usinyamaze. Gitaa likinyamaza watu hawajui, lakini besi ikinyamaza hata kiziwi anageuka."

Kule chekechea nilipotea wimbo mzima na sikunyamaza. Watoto wakaruka vilevile. Kidogo kidogo nikaitwa Mama Besi, na jina nikalipenda kuliko yote niliyowahi kuitwa.

Sasa turudi ukumbini. Solo akashika maiki, akasema, "Wimbo huu ni wa zamani sana." Akaanza. Nikatabasamu, maana ni wangu. Chiriku akaingia, na sauti, tusidanganyane, anayo. Tukafika mwisho wa kiitikio.

Ghafla Solo na Chiriku wakasimama. Kwa pamoja. Mimi na Fundi tukabaki tunakwenda wenyewe, du, du, du, kama abiria wanaolikimbilia gari lililowaacha. Kisha wale wawili wakaingia tena, kwa pamoja, bila hata kutazamana.

Ukumbi ukapiga makofi. Walidhani ndivyo wimbo ulivyo.

Nikajiambia wamekosea. Kiitikio cha pili, pale pale, wakasimama tena. Nikamgeukia Fundi. Fundi alikuwa ameshanitazama.

Ndugu zangu, wimbo ule naujua hata nikiwa nimelala. Hauna kituo pale. Watu wasiojuana hawawezi kusimama pamoja mahali pasipo na kituo, wakarudi pamoja, bila hata kupeana jicho. Hilo linataka mazoezi. Na mazoezi yanataka mahali, yanataka muda, na yanataka mlango wa kufunga.

Ubeti wa mwisho Solo akaimba mwenyewe. Alipofika penye mwanya wangu, hakuutaja. Akaimba vishimo vya mashavu. Chiriku akacheka, vishimo vikatokea, na mimi vidole vyangu vikaendelea kupiga kama vya mtu mwingine.

Wakati wa mapumziko nikajificha kwenye chumba cha kuwekea viti. Simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa Solo, naye yuko hapo hapo nje ya mlango:

"Naomba usilete fujo hapa. Tutaongea nyumbani."

Hebu oneni! Sijamuuliza kitu, keshajibu. Nikamwandikia: "Njoo."

Hakuja. Aliyekuja ni Chiriku.

"Dada, naomba unisikilize."

"Ule wimbo mnaufanyia mazoezi wapi?"

Akaurudisha mlango nyuma yake.

"Nimekuuliza, mdogo wangu. Si ndio hamjuani nyie?"

"Kwangu," akasema polepole.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Dada, aliniambia mmeshaachana. Kwamba mnakaa nyumba moja kwa ajili ya mtoto, hata besi anakufundisha kama rafiki. Alisema unajua kila kitu."

"Nawe ukaamini?"

"Niliamini. Leo uliponiita mdogo wangu ndipo nikajua hujui lolote."

"Na ukaimba hivyo hivyo."

Machozi yakamdondoka. "Nikaimba."

Nilitaka kumzaba kibao kitakachozihamisha zile sauti zote. Mkono ukakataa. Fundi akachungulia mlangoni.

"Shemeji, sema neno moja tu. Nafungasha dramu zangu tunaondoka sasa hivi."

"Na mstaafu wa watu amekosa nini?"

"Utaweza?"

"Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, Fundi. Twende."

Nikapiga sehemu ya pili yote. Na kama vile sijakomolewa vya kutosha, muuguzi mwenyewe akasimama na kuomba ule wimbo urudiwe, eti ule unaonyamaza katikati. Tukaurudia. Safari hii, pale kwenye kituo, na mimi nikasimama. Fundi naye akasimama. Nilikuwa nimeshajifunza, mbele za watu, kama mwalimu wangu alivyotaka. Ukumbi ukanyamaza wote, kisha tukaingia wote wanne kwa pamoja, na wageni wakainuka vitini kushangilia. Ulikuwa mzuri kuliko wa zamani, na hilo liliniuma kuliko yote.

Nyumbani sikumpa nafasi hata ya kuvua viatu.

"Unampenda?"

"Nampenda."

"Na mimi?"

Akakaa. "Wewe nakuheshimu sana, mke wangu."

"Heshima kampe mwalimu wako wa shule! Nakuuliza habari yangu mimi."

Akaanza kufungua kamba za viatu. Niliyasubiri maneno yake mpaka nikaona aibu kusubiri.

"Basi nijibu kitu kimoja," nikasema. "Zile jioni. Ulipokuwa unakaa nyuma yangu, umenishika vidole. Zile zilikuwa nini?"

"Nilitaka... Nilitaka nikiondoka usibaki mtupu. Uwe na kitu chako. Uwe na watu wa kukaa nao Jumamosi."

"Rudia."

"Nilikuwa natafuta namna ya kuondoka bila kukuumiza."

"Kumbe ulikuwa unaniaga!" Sauti yangu ilitoka vibaya. "Kila jioni unaniaga, nami najua unanitongoza!"

Nililia jamani. Nililia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, mpaka jirani akazima redio yake asikilize vizuri. Solo akanyoosha mkono, nikaupiga. Akaenda chumbani, akarudi na begi. Mlangoni akageuka, na nilidhani anageuka kwa sababu yangu.

"Jumamosi tuna shughuli," akasema. "Kuna mzee anasherehekea siku yake ya kuzaliwa. Sina mpiga besi mwingine."

"Toka," nikamwambia. "Toka kabla sijakupiga nalo hilo gitaa."

Lakini nilikwenda. Ndiyo, nilikwenda! Wifi yangu, dada yake Solo, alinipigia simu asubuhi ile akiwa moto.

"Wifi, huna haya? Unakwenda kuwapigia ngoma wacheze wao?"

"Nakwenda kwa ajili ya Fundi, wifi. Nisimwangushe."

"Fundi! Wifi, mdanganye mwingine. Kaka yangu ni mjinga, lakini wewe usiwe wa pili."

Alinisoma. Nilikwenda kumwona mume wangu. Nilivaa gauni alilozoea kulisifu, nikajipaka na mafuta mazuri, nikajidanganya kwamba akiniona nimesimama mahali pangu, roho itamrudi. Hata binti yetu aliye chuoni sikuwa nimemwambia kitu, kwa sababu kichwani mwangu baba yake alikuwa safarini tu.

Ilikuwa uani kwa huyo mzee, chini ya turubai. Sijawahi kupiga besi vizuri kama siku ile. Fundi alikuwa anacheka peke yake kule kwenye dramu. Solo hakunitazama hata mara moja.

Tulipomaliza, mzee mwenye siku yake akaja na mkongojo, amechangamka, jasho linamtoka kwa kucheza. Akamshika Solo mkono.

"Hongera bwana! Mkeo ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni." Mkongojo ulikuwa unamwonyesha Chiriku.

Roho yangu yote niliiweka hapo. Sikutaka mengi. Aseme tu, "Siye huyo, mzee." Au akohoe. Au aulize habari za chakula.

"Asante, mzee," Solo akasema.

Ile siku ya begi hakuwa ameniacha. Aliniacha hapo, kwenye asante.

Mzee akanigeukia mimi. "Na wewe, mama! Hiyo besi umejifunzia wapi ukubwani huku?"

"Nyumbani, mzee. Alinifundisha mume wangu."

"Loo! Wanaume wa namna hiyo hawazaliwi tena. Umwambie nimempongeza."

"Amesikia, mzee."

Mzee akanitazama. Akamtazama Solo, ambaye ghafla alikuwa ameinama anakunja waya uliokwisha kukunjwa. Akamtazama Chiriku, ambaye aliweka maiki chini na kutoka bila kuaga.

"Ah," mzee akasema taratibu. "Pole, mwanangu."

Nikavua gitaa begani. Fundi alikuwa ameshaniwahi, ameninyanyulia spika.

"Nikupeleke, shemeji?"

"Shemeji ilikufa, Fundi. Usiniite hivyo tena."

"Nikuite nani?"

"Mama Besi inatosha."

Tulikuwa hatujafika kwenye gari lake simu ikaita. Binti yangu. Mara zote nilikuwa nampokea kwa uchangamfu, kila kitu kizuri, baba yuko kazini, baba ameoga, baba amelala. Safari hii sikujipangusa hata uso.

"Shikamoo mama. Mbona kama unalia?"

"Marahaba. Nalia, mwanangu."

"Kuna nini? Mama, kuna nini? Mpe baba simu."

"Hayupo."

"Atarudi saa ngapi?"

Fundi akafungua mlango wa gari, akasogea pembeni asisikie.

"Harudi, mama," nikamwambia. "Baba yako harudi."