Nani Alimpokea Fundi?

Cheche alipenda kuuliza. Aliuliza kwa nini chai hutoa mvuke na maji ya bomba hayatoi. Aliuliza kama kuku ana masikio. Bibi yake, aliyeishi nao nyumba moja, alimwambia, "Mjukuu wangu, pumzisha ulimi kidogo, usije ukachakaa!"

Mama yake alicheka tu. Yeye ndiye aliyempa jina hilo la utani, kwa sababu mtoto hakutulia, kama cheche za kazini kwake. Mama Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti, madirisha na vitanda.

Siku moja Cheche alirudi kutoka chekechea bila swali hata moja. Bibi alidhani ana homa. Alimgusa paji la uso, halikuwa na joto. Kesho yake ikawa vilevile, na wiki nzima ikapita vilevile.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Bibi alisema. "Mtoto huyu ana jambo."

Mama akampakata. "Haya mwanangu, nani kakuudhi?"

Cheche alitazama vidole vyake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, mimi ni mwongo?"

Hapo yote yakatoka. Mwalimu aliwauliza watoto wazazi wao wanafanya kazi gani. Cheche akasema, "Mama anachomelea mageti." Mwalimu akatabasamu, akamsahihisha, "Sema, baba anachomelea mageti." Cheche akakataa. Akasema ni mama. Mwalimu akamwambia, "Hatusemi uongo darasani." Basi watoto wakapata wimbo. Mwongo, mwongo, mpaka mapumziko.

Asubuhi iliyofuata Mama Cheche alikwenda chekechea, ovaroli mwilini. Alipokelewa na mwalimu wa darasa. Watoto walimwita Mwalimu Filimbi, kwa sababu ya filimbi iliyoning'inia shingoni mwake. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Aliwafunga watoto kamba za viatu na kuwafuta makamasi bila kununa. Ndiyo maana kosa lake linafaa kuchunguzwa. Lilifanywa na mtu mwema.

"Karibu, Mama Cheche. Habari za nyumbani?"

"Si nzuri, Mwalimu. Fundi wa kuchomelea ni mimi. Hata hilo geti unalofunga kila jioni, nimelichomelea mimi."

Mwalimu Filimbi alilitazama geti. Akamtazama mama.

"Nisamehe, mama. Nilidhani mtoto amechanganya maneno."

"Mimi nimekusamehe. Lakini mwanangu haongei tena. Mwezi ukiisha akiwa hivi, nitamhamisha."

Siku hiyohiyo mwalimu alimwomba Cheche radhi mbele ya wenzake. "Cheche alisema kweli," alisema. "Aliyekosea ni mimi." Cheche aliitikia kwa kichwa. Neno hakutoa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jambo hilo likamkaa mwalimu kichwani. Hakujilaumu tu, alijiuliza pia. Nani aliniambia fundi lazima awe baba? Niliyatoa wapi maneno yale?

Bahati nzuri, walimu wa chekechea waliitwa kwenye semina ya kufundisha bila upendeleo. Mkufunzi hakuanza na hotuba. Alianza na hadithi.

"Sikilizeni. Fundi alipanda juu ya paa. Alipiga misumari mpaka jua likazama. Akashuka, akaosha mikono, akarudi nyumbani. Je, nyumbani alipokelewa na nani?"

"Na mke wake!" ukumbi mzima ukajibu.

"Nani kawaambia ana mke?"



"Kumbukeni maneno yangu," mkufunzi akaendelea. "Alipanda. Alipiga. Akashuka. Lugha yetu haina 'alipanda' ya mwanamume na 'alipanda' ya mwanamke. Mimi sikusema ni yupi. Sasa huyo mke mmemtoa wapi?"

"Tumemwoza wenyewe, bila harusi!" mwalimu mmoja akadakia. Watu wakacheka.

Mwalimu Filimbi hakucheka. Alikuwa akijikuna ndevu. Naam, ndevu. Kwani wewe msomaji ulidhani anayefuta watoto makamasi ni nani? Hadithi hii haijasema popote kwamba mwalimu huyu ni mwanamke. Kama ulimwona amevaa gauni, umemvalisha wewe. Na ajabu ni kwamba mwanamume huyu alikuwa amechoka kuulizwa na ndugu zake, "Umekosa kazi nyingine mpaka ukalee vitoto kama mwanamke?" Yalimuuma sana. Hata hivyo, yeye naye alimfanyia Cheche yaleyale.

Akanyoosha mkono. "Mkufunzi, mimi sichukii mtu. Nilisema tu nilichozoea kuona."

"Hapo umesema," mkufunzi akajibu. "Upendeleo si lazima uwe chuki. Mara nyingi ni mazoea. Jicho limezoea kitu kimoja, basi kikija kingine ulimi unakimbilia kukisahihisha. Na mtoto mdogo hawezi kukubishia. Kwake yeye, mwalimu hakosei. Kwa hiyo anaona kasoro iko kwao nyumbani."

"Nimeshamwomba radhi. Nifanye nini tena?"

"Umefanya vyema, lakini hiyo ni ya jana. Je, kesho? Mtoto akisema jambo la kwao likakushangaza, usicheke na usisahihishe. Mwambie, 'Hebu tueleze zaidi.' Wenzake wakimcheka, usijifanye hujasikia. Wazuie, na waeleze kwa nini. Halafu, mwalimu, tazama kuta za darasa lako. Kuna picha za nani?"

Mwalimu Filimbi alizijua kuta zake. Kulikuwa na baba mwenye nyundo na mama mwenye ufagio.

Aliporudi hakuzichana picha hizo, maana wapo akina baba wenye nyundo na akina mama wenye ufagio. Ila aliwaomba wazazi wote walete picha zao wakiwa kazini. Mama Cheche alileta yake. Alikuwa ameshika kinga ya uso yenye kioo cheusi, na geti limelala mbele yake. Watoto waliisogelea picha ile wakashangaa. Wimbo wa mwongo ukafa. Lakini Cheche aliendelea kukaa kimya mkekani, na mwezi ulikuwa unakwisha. Moyo wa mwalimu haukutulia.

Ndipo asubuhi moja mvulana mmoja akaonyesha picha ya kwao, akasema, "Baba yangu anasuka nywele."

Darasa likaangua kicheko. "Wanaume hawasuki! Wananyoa!"

Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno ya mwalimu: sema, baba ananyoa. Akafunga mdomo, akayameza.

"Ngojeni," alisema. "Tukiicheka kazi ya baba yake, tunamuumiza mwenzetu. Kama hujawahi kuona mwanamume akisuka, si kwamba hayupo. Ni kwamba wewe hujamwona." Akamgeukia mvulana. "Hebu tueleze zaidi. Anaanzaje?"

Mvulana alijifuta pua. "Kwanza anachana. Halafu anaanzia hapa." Akashika kisogo chake.

Watoto wakatulia, wanasikiliza. Kisha sauti ikatoka mkekani.

"Akichana, inauma?"

Alikuwa Cheche. Mwalimu hakugeuka haraka. Aliogopa kumshtua.

"Inauma kidogo," mvulana akajibu. "Lakini dada yangu akilia, baba anampuliza."

Cheche akafikiri. "Kwa nini ukipulizwa haiumi?"

Mvulana hakujua. Watoto hawakujua. Wote wakamtazama mwalimu.

"Hata mimi sijui," mwalimu alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Tutamwalika baba yake, tumuulize."

Mchana Mama Cheche alikuja kumchukua mtoto. Alikuja na uso mgumu, kwa sababu mwezi ulikuwa umekwisha. Mwalimu alifungua mdomo ampe habari, lakini hakuwahi.

"Mama, kwa nini ukipulizwa haiumi?"

Mama Cheche alikaa pale pale, kwenye kiti kidogo cha watoto. Machozi ya furaha yalimtoka, hakuyafuta. Swali alikuwa amelisikia vizuri sana.

"Sijasikia, mwanangu," alisema. "Hebu uliza tena."