Tete la Kimo cha Sulekha

Mama alinituma tete. Nina shahada mbili za fizikia, na siku jua lilipopatwa kazi pekee niliyopewa chini ya mbingu hizi ilikuwa hiyo: nenda mtoni, kata tete moja refu, rudi.

"Likate kabla jua halijaumwa," Mama alisema. Alikuwa amechuchumaa, anampaka wifi yangu Sulekha mavi ya ng'ombe tumboni, kinga ya mimba, kama ipasavyo kwetu. "Likishaumwa usikate kitu. Hata ukucha."

"Mama, ni mwezi tu unapita mbele ya jua. Hauna meno."

"Arre, profesa! Huo mwezi wako ungekuwa na akili ungekutafutia kazi. Au mume. Chochote kitakachotangulia."

Sulekha alicheka mpaka mavi yakapasuka tumboni. Mimba ya miezi minane. Mbili za kabla hazikufika hapo, basi nilimeza jibu langu nikachukua mundu. Kaka yangu Hemkant, mumewe, alikuwa Surat, kwenye viwanda vya nguo. Kila jioni alikuwa anapiga simu kuuliza neno moja: "Anacheza?" Anacheza, tunamwambia. Anarusha mateke kama punda wa dobi.

Kwetu mjamzito hupimwa kwa tete, utosini mpaka kisiginoni. Tete linapunguzwa mpaka liwe sawa na kimo chake, linasimamishwa kwenye kona ya chumba. Giza likija linaliangukia tete badala ya mtoto. Jua likirudi, tete linatupwa kwenye maji yanayotembea. Mimi nilikuwa naliita tete hilo bima ya maskini.

Mto wetu ni Kamla. Wazee wanauita Mama. Mama gani anachunwa ngozi namna ile? Makatapila yamekula kingo zote, mchanga umepanda malori kwenda kuwa maghorofa ya watu wenye ajira. Palipokuwa na matete nilikuta mashimo. Nikafuata ukingo. Mashimo. Nikaenda mbele zaidi. Nikamtukana mkandarasi wa mchanga, nikaitukana serikali, nikamtukana na Rahu mwenyewe, kile kichwa kisicho na tumbo ambacho bibi zetu wanasema humeza jua na kulitapika.

Ndipo mwanga ulipoharibika.

Haukupungua kama jioni. Jioni ina wekundu, ina huruma kidogo. Huu ulikuwa wa kijivu, kama maji yaliyosuuzia sufuria. Chini ya mti vitone vya jua vilikuwa vimegeuka vimundu vidogo, ardhi nzima. Hilo nalijua, nimelifanyia mtihani. Lakini mtihani haukuuliza habari za nyuki. Walinyamaza wote kwa pamoja. Yangeyange wakapita juu yangu, kimya, wanakwenda kulala mchana. Vyura wakaanza. Karibu na uso wangu buibui alikuwa anakula utando wake mwenyewe, uzi baada ya uzi, harakaharaka, kama mtu anayehama.

Wote walijua jambo. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na maelezo.

Harufu ikaja kwanza. Tope la chini kabisa, lile la kisima kinapochimbwa. Kisha nikaona kichaka kimoja cha matete, cha mwisho, na mwanamke amesimama katikati yake. Sari yake ilikuwa ya rangi ya mchanga, imelowa mpaka kifuani.

Pale hapakuwa na maji.

"Umechelewa," alinong'ona.

"Shangazi, nipishe nikate moja, niende zangu."

"Limeshaumwa. Usikate." Akaninyooshea tete. "Nimekukatia."

"Sijakwambia urefu."

"Ni kimo chake."

Ningemuuliza kimo cha nani. Nilipaswa. Lakini sauti ile... haikutoka mdomoni. Ilitoka chini, kwenye nyayo zangu. Nikapokea tete. Lilikuwa na joto, kama mkono wa mtoto mwenye homa. Nikakimbia.

Nyumbani Mama alilisimamisha tete mgongoni kwa Sulekha. Utosi, sawa. Kisigino, sawa. Halikuzidi wala kupungua hata unene wa kucha. Uso wa Mama ukabadilika.

"Nani alimpima?"

"Mwanamke mmoja, mtoni."

"Jaimala." Aliniita kwa jina langu, akinong'ona ili Sulekha asisikie. "Mtu hupimwa na nani bila mwenyewe kujua?"

Kila mtu kwetu anajua. Maiti, na wanaofunga mianzi ya jeneza lake.

Lakini jua lilikuwa limebaki uzi, na tete lingine hatukuwa nalo.

"Liweke kwenye kona," Mama alisema.

Giza likashuka.

Kuku walipanda wenyewe kibandani. Ng'ombe wetu alipiga magoti, akageukia ukuta, akalala hivyo. Mbwa wa kijiji kizima... kimya. Nilisikia tete likilia kwenye kona, *krii*, kama mlango unaofunguliwa taratibu.

Kisha sauti nje.

"Toeni sadaka..."

Mama alinishika mkono. Waomba sadaka hupita jua likishaachiliwa, mchana mweupe, kwa kelele na mizaha. Hakuna anayepita katikati ya giza.

"Nenda zako," Mama alisema. "Muda bado."

"Wamenichukulia kingo zote," sauti ilinong'ona. "Sina pa kulaza kichanga changu. Nipeni kimoja."

"Hatuna kitu!"

"Kipo."

Harufu ya tope ikajaa chumbani. Sulekha akashika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Mama..."

"Nini, mwanangu?"

"Ametulia."

Jua likarudi. Jogoo wakawika, watu wakamiminika kwenda kuoga, watoto wakarushiana maji barabarani. Mlangoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na mchanga mbichi, marundo mawili madogo, ukubwa wa nyayo.

Mama alikimbilia kona. Tete lilipaswa kutupwa mtoni kabla jua halijazama. Akalivuta. Halikutoka. Lilikuwa limeshika mizizi kwenye sakafu yetu ya udongo. Akavuta tena, na Sulekha akapiga yowe, akajikunja. Mama akaliachia kama aliyeshika kaa la moto.

"Weka sikio," aliniambia.

Nikaweka.

Tu-tu. Tu-tu. Tu-tu.

Haraka, jepesi. Pigo lile lile nililolisikia zahanati, kwenye kile kipembe cha muuguzi cha kusikilizia moyo wa mtoto.

"Ni upepo," nilisema. "Hewa ikipita kwenye tundu la tete, inatetema..."

Mlango ulikuwa umefungwa.

Tulimkimbiza Sulekha hospitali ya mjini, wakatukabidhi kifurushi cha kitambaa cha kijani. Mama ndiye aliyekipokea. Sulekha hakukitazama.

"Huyo si wangu," alisema. "Wangu yuko nyumbani, kwenye kona."

Hemkant alikuja na treni, macho mekundu, akanyakua mundu. "Wanawake mmerogwa na ujinga! Nalikata leo!" Sulekha hakumzuia. Alimwambia tu, "Sikiliza kwanza, baba yake." Akasikiliza. Mundu ukamdondoka. Usiku ule na zilizofuata alilala sakafuni, mkono kwenye shina.

Tete likachipua majani. Sulekha akawa analiogesha, analiimbia. Mama alisema tulichimbue na udongo wake tukalirudishe mtoni, labda litaishi.

"Kwa yule?" Sulekha aliuliza. "Yeye ndiye aliyemtaka. Na mto wenyewe uko wapi?"

Kweli. Kiangazi kilikuwa kimefika, Kamla imekuwa barabara ya malori. Pampu ya uani ikaanza kutoa tope, kisha ikatoa hewa. Hemkant alikwenda kumpigia magoti mkandarasi aache tu ule upande wetu. Alirudi na shati limechanika. Ncha za majani zikawa njano. Pigo likawa la polepole. Tu... tu. Tu...... tu.

Jana Sulekha aliniita. Alikuwa amekonda, sauti imebaki pumzi.

"Wifi, masikio yangu yamechoka. Nisikilizie wewe."

Nikapiga magoti. Nikaweka sikio. Nikasubiri. Nikahamisha sikio juu kidogo, nikasubiri tena.

Alikuwa ananitazama usoni.

"Amelala," nilimwambia. "Usimwamshe."