Mtaa Hukuupima, Baba

Baada ya kuosha vyombo vya mchana, Bi Ramani alitandaza karatasi yake mezani na kuchonga penseli. Jina hilo alipewa na kaka yake, kwa kuwa hata akitumwa dukani alirudi na mchoro wa njia. Jioni hiyo alikuwa akimalizia ramani ya mtaa wao, kazi waliyopewa darasani. Mishale ya buluu ilionyesha maji ya mvua yanakoelekea.

"Bado unachora mitaro?" baba aliuliza, akijipangusa saruji mikononi. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa maneno yaliyonyooka. "Muhula ukiisha mwambie mwalimu unaacha jiografia, uchukue biashara. Kukariri milima na mito kutakusaidia nini? Hata sijui ni somo gani. Sayansi si sayansi, historia si historia!"

Machozi yalimlengalenga Bi Ramani. Alilipenda somo lile kuliko yote, lakini hakuthubutu kubishana na baba.

"Hayo baadaye," mama alidakia. "Twendeni mkakione chumba changu." Mama alikuwa mshonaji, na alikuwa amechoka kushonea sebuleni. Alikuwa amepata chumba cha kupanga mwisho wa mtaa, na mwenye nyumba alitaka jibu siku hiyohiyo.

Chumba kilinukia rangi mpya. Baba aligonga kuta, akaweka pima maji yake, kipimo cha mafundi chenye kipovu cha hewa, na kukitazama kipovu kilivyotulia katikati. "Ukuta umenyooka, sakafu imara. Chukua, mama watoto."

Bi Ramani alibaki nje. Alitazama mtaa ulivyoteremka, kisha akauchungulia ukuta wa jirani, ambao haukuwa umepakwa rangi. Ulikuwa na alama ya tope usawa wa kiuno chake. Safari hii alimfuata baba hadi mlangoni.

"Samahani, baba. Nyumba umeipima, ila mtaa hukuupima."

"Unasemaje?"

"Tuliupima na mwalimu. Mitaro yote inamwaga maji hapa, na kalvati la kupitishia maji chini ya barabara limeziba. Jirani alituambia kila masika wanahamisha vitanda. Alama yenyewe ile pale."

Baba akatoka. Aliweka pima maji barabarani, na kipovu kikakimbilia upande wa juu. Akajikuna kichwa. Mwenye nyumba, aliyekuja kusubiri jibu, alipoulizwa kuhusu maji hayo alianza kukohoa, na hakuwa na mafua.

Mama alikikataa chumba kile, akapanga kingine kidogo kule juu ya mteremko, chenye rangi iliyobanduka. Mvua kubwa iliponyesha, chumba kizuri kiligeuka bwawa. Cherehani ya mama iliendelea kuunguruma, na vitambaa vya wateja havikupata hata tone.

Kesho yake baba alikwenda shuleni na viatu vyake vya kazi, kifua mbele. "Mwalimu, binti yangu haachi jiografia. Ila niambie, ni sayansi au siyo?"

Mwalimu alicheka. "Alipopima mteremko alifanya sayansi. Alipomsikiliza jirani alijifunza maisha ya watu. Jiografia huitazama ardhi na watu wake kwa pamoja. Hiyo ndiyo kazi yake, na hakuna somo jingine linaloifanya hivyo."

Baba alimgeukia Bi Ramani. "Mwanangu, nilidhani somo lako liko kwenye milima ya mbali, kumbe linaanzia mlangoni petu. Nililidharau bila kuuliza. Wewe usije ukadharau elimu ya mtu kwa sababu tu huijui."

Siku hizi mteja akimwita baba kujenga, hachimbi msingi siku ya kwanza. "Subiri," humwambia kwa fahari. "Jumamosi nakuja na binti yangu. Mimi napima nyumba, mwenzangu anapima mtaa."