Kisanduku cha Masila

Kisanduku chekundu kilitokea kwenye skrini asubuhi, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Nzula alifikicha macho. Kazi yake katika kile kichinjio cha Kitengela ilikuwa kuangalia kamera mpya, zile zenye akili, ambazo wafanyakazi walizichukia kuliko nzi. Zilimjua kila mtu kwa sura, zikamzungushia kisanduku cha kijani chenye jina lake na kumshtaki akizembea. Mgeni alipewa kisanduku chekundu na king'ora. Sasa king'ora kililia kwa sababu ya nafasi tupu kwenye meza ya kuoshea matumbo, nafasi ya mumewe. Masila alikuwa nyumbani akiumwa na tumbo, na bosi alikuwa ameapa kumfuta kazi akikosa tena.

Bosi mwenyewe, Gakuru, alipiga simu. "Zima hiyo kelele. Kama ni mtu mpya, mwekee jina tuendelee na kazi."

Pale kichinjioni watu walizoea kufunikiana. Aliyefika mapema alimjibia mwenzake. Nzula hakufikiri mara mbili. Alibonyeza kisanduku, akachagua jina la Masila. Kikageuka kijani, king'ora kikanyamaza, naye akajiona mjanja. Ujanja gani huo, maskini.

Kwenye skrini, matumbo ya ng'ombe waliotoka Bisil jana yake yalianza kujiinua yenyewe mezani. Yalijikamua mavi ya kijani, yakavutwa juu polepole, yakaishia hewani. Harufu ikapanda ngazi mpaka chumba cha kamera, ya nyongo iliyooza na mdomo usiojua maji. Apondi, muosha matumbo, aliingia akiwa ameziba pua kwa aproni.

"Mama Kasyoki, kuna kitu inaramba huko chini," alimnong'oneza Nzula. "Nimesikia ulimi karibu na mkono yangu."

"Umeiona?"

"Sijaona. Lakini mate yake niko nayo hapa."

Alinyoosha mkono. Ute wa manjano ulining'inia kutoka kwenye kiwiko, mzito, ukiwa na nywele za ng'ombe ndani yake. Nzula alikumbuka jina aliloweka kwenye kisanduku. Akampigia mumewe.

"Baba Kasyoki, unaendeleaje?"

"Niko na njaa mbaya," Masila alisema kwa sauti ya chini. "Na mdomo yangu iko na ladha ya mavi ya ng'ombe. Nimepiga mswaki, haitoki." Alisikika akijilamba midomo. "Nzula, nimeanza kuipenda."

Simu ilikatika, na pale kwenye skrini, ndani ya kile kisanduku cha kijani, kitu kilianza kuonekana, kwanza midomo minene iliyolowa, kisha ulimi mrefu uliokuwa ukilamba meza, ukilamba sakafu, ukilamba mtaro wa damu, kisha mashavu, kisha macho yaliyoinuka taratibu yakaitazama kamera, na yalikuwa macho ya Masila, yaleyale ambayo Nzula aliyaacha nyumbani alfajiri, na ulimi ukazidi kushuka kutoka kwenye sura ya baba wa mtoto wake.

"Uliipatia jina?" Apondi aliuliza. "Jina ya mtu anaishi? Kwetu hiyo ni kuipatia mwili. Itoe, haraka."

Nzula alibonyeza kufuta. Mtambo ukauliza kama ana hakika, akakubali. Ulikuwa na Masila mmoja tu, mtu na kile kitu pamoja, ukamfuta.

Kisanduku kikatoweka. Harufu ilishuka mpaka ikaisha, na chini watu walianza kuongea tena. Apondi alikaa sakafuni akimshukuru Mungu. Nzula alilia kwa furaha, akapiga simu tena.

"Imeenda," alisema. "Imeenda kabisa, usiogope."

Alisikia mtu akitafuna kitu chenye majimaji.

"Nani anaongea?"

"Ni mimi, Nzula. Bibi yako."

"Sawa, mama," Masila alijibu kwa upole, kama mtu aliyepigiwa na asiyemjua. Akameza. "Na mimi ni nani?"