Alisema Hana Mtu

Duka la miwani lilikuwa limefurika, watu wakisukumana kaunta kana kwamba macho yanagawiwa bure. Hapo ndipo alipoingia kijana mrefu, shati lake la bluu limepigwa pasi upande mmoja tu, miwani yake mkononi, vipande viwili. Ameikalia, alisema. Na muda si mrefu ana usaili na profesa wa Ulaya kwenye kompyuta.

Binti aliyekuwa kaunta, mpima macho kwa taaluma, alimtazama toka viatu hadi nywele. Miwani ya papo kwa papo hakuna, akamwambia. Fremu tupu zipo.

"Nitaona nini na fremu tupu?"

"Huhitaji kuona, kaka. Unahitaji kuonekana."

Usaili ule alianguka. Fremu aliyoazimwa aliirudisha mwenyewe, kesho yake akarudi bila sababu, na baada ya hapo sababu ikawa binti. Akamwita Jicho Langu. Naye akaitwa Bwana Matope, kwa kuwa alichotaka kukisomea shahada ya uzamivu ni tope la mito. Binti akajifunza mambo ambayo hakuyaomba: kwamba huko Ulaya uzamivu ni ajira yenye mshahara, kwamba nafasi hutangazwa kama kazi nyingine, kwamba kila profesa huandikiwa barua yake, si moja ya kurushwa kwa wote kama mbegu. Bwana Matope alikwisha kuzirusha. Alijibiwa na mmoja tu, tena mtafiti wa nyuki.

Jioni walikaa kwenye ngazi za nyumba ya kina binti, wakisoma matangazo kwenye simu moja, mashavu yakikaribiana. Kila nafasi iliyompita kijana, binti alifurahi kimoyomoyo, kisha akajichukia. Alimwombea apate. Alimwombea akose. Mwenyewe hakujua dua ipi ni ya kweli.

Hatimaye ikatokea nafasi ya matope hasa. Usaili ulifanyika chumba cha nyuma dukani, penye utulivu. Binti alisimama nje ya pazia na gauni lake la njano, akisikiliza, Kiingereza alikijua. Profesa, mama mwenye sauti ya upole, akauliza kama kijana angekuja na mtu yeyote.

"Hapana," alijibu upesi. "Sina mtu. Niko peke yangu."

Binti akaenda kufuta vioo vilivyokwisha kufutwa. Jibu lilipokuja kwamba kijana amepata, alimpa hongera kavu, kisha akaacha kupokea simu zake. Siku aliyopokea, Bwana Matope, akidhani ni uchungu wa safari, alijitahidi kumbembeleza.

"Nitakuwa nakuja likizo, Jicho Langu."

"Utakuja kwa nani? Si huna mtu?"

Binti akakata simu.

Baada ya siku mbili kijana akaja dukani, akapanga foleni nyuma ya bibi mwenye mtoto wa jicho. Zamu yake ilipofika, binti alimkalisha kwenye kiti cha vipimo kama mteja yeyote, akazima taa.

"Lenzi ya kwanza au ya pili?"

"Kaka yangu ndiye aliyenitia ujinga. Alisema mwenye mchumba hawamchukui, eti atashindwa kukaa. Nikaogopa."

"Nimeuliza lenzi."

"Ya pili. Jana nimempigia profesa, nikakiri nimedanganya. Akacheka. Nafasi bado ni yangu. Kumbe aliuliza kwa sababu mwenza husaidiwa nauli na makazi. Akataka kujua huyo mtu ni nani wangu, nikakosa la kusema. Wewe ni nani wangu?"

Binti akairudisha lenzi kwenye kisanduku. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hakujiandaa kwa swali. Hapa ana kaunta yake, wateja wake, mama yake. Huko atakuwa nani, mke wa matope? Na akibaki, jioni zake atazipeleka wapi?

"Mwambie una mchumba," alisema.

"Kwa hiyo utakuja?"

"Sijasema nitakuja. Nimesema unaye. Kwenda au kubaki, hata mimi sijui, usinikimbize." Akawasha taa, wote wawili wakapepesa macho. "Jumapili mama yupo nyumbani. Njoo na kaka yako, yule mjuaji, amweleze kwa nini binti yake si mtu."