Paspoti ya Providence

Afande Osward wa uhamiaji aliita jina mara moja tu, bila kuinua kichwa, na sauti mbili zikaitikia.

"Providence Celestin."

"Abee," alisema Odeta, akiinuka kwenye benchi.

"Abee," ilisema sauti nyingine nyuma yake, nyembamba, ya mtoto aliyefundishwa adabu.

Odeta aligeuka. Kwenye benchi alikuwa amebaki mzee mmoja aliyetoka Inyonga, naye alikuwa anakoroma huku amekumbatia bahasha yake. Odeta akajiambia kuwa ni mwangwi, akasogea dirishani.

Nyumbani hakuna aliyemwita Providence. Kwa mume wake Salvator alikuwa Mama Queen, kwa wengine wote alikuwa Odeta. Providence aliishi kwenye makaratasi tu.

"Weka vidole vinne vya mkono wa kulia hapo kwenye kioo," alisema Osward. Alikuwa mtu wa utani, wa kwanza kucheka vichekesho vyake mwenyewe. Alitazama skrini, akachukua kitambaa na kufuta kioo. Kitambaa kilitoka na rangi ya machungwa. Akakinusa.

"Mama, umekuja kuomba paspoti au kukaanga samaki? Haya si mawese?"

"Sijashika mawese, afande."

Alionyesha viganja vyake, vikavu, vyenye sugu za jembe. Akaviweka tena juu ya kioo. Skrini ilikuwa imeelekea upande, naye akaona kile ambacho Osward alikuwa anakiona: alama nne za vidole zimebanana kwenye kona moja, ndogo ndogo, za mtoto wa miaka mitatu hivi.

"Mashine imechoka," Osward alisema, ingawa uso wake haukuonyesha kuamini. "Njoo Alhamisi. Na kwa kuwa baba yako hana cheti cha kuzaliwa, ale kiapo kwa mwanasheria kwamba wewe ni mtoto wake, ukilete. Bila hicho faili haliendi."

Alhamisi ilikuwa keshokutwa, na Odeta alikuwa na wiki tatu tu. Binti yake Queen, mwenye miaka mitano, alikuwa na tundu kwenye moyo. Akipanda ngazi tatu midomo inageuka rangi ya zambarau. Hospitali moja nchini India ilikubali kumpasua bure, kitanda kimeshikwa mpaka mwisho wa mwezi, na mama ndiye aliyeandikwa kumsindikiza. Daktari alisema wazi kuwa moyo ule hautafika mvua zijazo. Basi Odeta hakuwa na muda wa kuogopa vidole vya kwenye skrini.

Siku hiyo hiyo alipanda bodaboda kwenda Kakese kwa baba yake, mzee Celestin. Alimkuta anapukuchua mahindi. Alipomwambia habari ya kiapo, mzee aliacha gunzi likaanguka.

"Nile kiapo kwamba Providence yu hai?"

"Ule kiapo kwamba mimi ni mwanao, baba."

"Ndiyo hilo hilo kwenye karatasi, mwanangu."

Jambo lenyewe lilikuwa la siri, na katika familia zilizotoka Burundi na kukulia kwenye makazi ya wakimbizi hawakuwa peke yao. Providence alikuwa dada yake Odeta, mtoto wa kwanza. Surua ilimchukua akiwa na miaka mitatu, kabla Odeta hajazaliwa. Odeta alipozaliwa baba alikuwa amekwenda Inyonga kwenye vibarua vya tumbaku, padri akapita, akabatiza watoto wa wenzao, Odeta akakosa kadi. Ulipofika wakati wa shule, mwalimu alitaka kadi ya ubatizo. Kadi ilikuwepo sandukuni, nzima, ina mhuri. Mzee Celestin aliona haina maana ioze wakati kuna mtoto anaihitaji. Shule, uraia, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, vyote vikafuata kadi ile, na marehemu akasoma, akapata uraia, akapiga kura.

"Miaka yote hiyo hatukusema chochote kwa mdomo," alisema mzee. "Ilikuwa ni kuandika tu. Sasa unataka nitamke."

"Nataka Queen apone, baba."

Jumatano asubuhi mzee Celestin alisimama mbele ya mwanasheria mjini, mkono juu ya Biblia, akatamka kwamba Providence ni binti yake, yu hai, na ndiye anayesafiri. Odeta alitazama kila kona ya chumba. Hakuona chochote cha ajabu, na jua lilikuwa linawaka vizuri tu.

Mchana wa siku hiyo, nyumbani Ilembo, alikuwa anachambua mchele uani. Queen alikuwa chumbani, na alikuwa anaongea. Mtoto anayecheza peke yake huongea, hilo si ajabu, lakini Queen alikuwa anaacha nafasi, kama mtu anayesubiri kujibiwa.

"Unaongea na nani, Queen?"

"Na mama mkubwa."

Odeta hakuwa na dada aliye hai. Aliweka ungo chini. "Mama mkubwa yupi?"

"Huyu. Ila ni mdogo kuliko mimi, mama. Anawashwa. Anataka nimpake mafuta."

Odeta aliingia. Queen alikuwa amekaa sakafuni, mikono inang'aa rangi ya machungwa mpaka kwenye viwiko, na harufu ya mawese ilijaa chumba kizima, mawese ya zamani yaliyochacha, na chini yake harufu nyingine ya homa na ya blanketi lililolaliwa siku nyingi na mgonjwa, na wakati Odeta anamnyanyua mtoto wake kwa pupa akasikia nyayo ndogo zikipiga pa pa pa kwenye saruji, zikimzunguka, zikapita kati ya miguu yake na kutoka mlangoni, na pazia la mlango likainuka kwa chini tu, usawa wa goti.

Salvator aliporudi alisema kwa sauti ya chini kwamba ni jini, aitwe mtu wa kulitoa. Odeta alimfuata mama Gaudensia, bibi wa kanisani aliyeombea nyumba nyingi na aliyemwosha Providence siku ya msiba. Bibi alipofika kizingitini alivuta pumzi mara moja, akakaa chini.

"Hili si jini," alinong'ona. "Tulimpaka mawese mwili mzima kwa ajili ya upele. Nilimpaka mimi. Huyu ni mwenyewe."

"Anataka nini, bibi?"

"Alikuwa amelala. Ofisini walipoliita jina lake aligutuka tu. Baba yako kamwita kwa jina, kwa kiapo, kamwambia yu hai na ana safari. Mtoto akiitwa na baba yake anakuja." Alimshika mkono. "Mrudishie jina lake. Nenda kwa wakubwa, useme kadi haikuwa yako, uandikwe Odeta. Tutakwenda kaburini, tutamwombea, atalala."

"Kuandikwa upya ni miezi mingapi?"

"Mimi nitajuaje, mwanangu."

"Queen hana miezi, bibi. Nikirudi nitamrudishia."

"Yeye ni mtoto wa miaka mitatu," alisema Gaudensia. "Hajui kungoja."

Alhamisi Odeta alikuwa wa kwanza dirishani. Alishika kiapo kwa mikono miwili, na alikuwa anaogopa, anaogopa sana, wala hakujidanganya kwamba haogopi. Osward alichukua kiapo, akagonga mhuri, akasema waanze na picha.

"Simama pale, kwenye kitambaa cheupe. Usicheke."

Kamera ya ofisi ile ilikuwa na kawaida ya kuchora mraba wa kijani kuzunguka uso wa anayepigwa. Odeta aliuona kwenye skrini. Mraba ulikuwa umesimama kwenye nyonga yake, penye kitambaa kitupu, na ulikuwa unatikisika kidogo kidogo, kama mtoto asiyetulia anapoambiwa atulie.

"Sogea kushoto," alisema Osward. Odeta akasogea, mraba ukasogea naye. "Rudi kulia." Ukarudi. Osward alilegeza kola. "Mama," alisema polepole, "umekuja na mtoto?"

Odeta alitazama chini, hapakuwa na mtu. Alihisi kitu chepesi kinashika upindo wa kitenge chake, kinavuta, kinavuta tena, na watu wote kwenye benchi walikuwa wanatazama simu zao bila kuinua macho, na harufu ya homa ilikuwa inapanda kutoka chini, na aliwaza mraba ule ukibaki pale chini hakuna picha, pasipo picha hakuna paspoti, na kitanda cha Queen kitapewa mtoto mwingine. Basi akainamisha kichwa kidogo na kunong'ona maneno ambayo hakuwa ameyapanga.

"Jina ni lako, dada. Safari ni yako. Niachie tu Queen afike."

Mkono ukaachia kitenge. Kwenye skrini mraba ulianza kupanda, ukapita tumbo, ukapita kifua, ukafika usoni pake ukatulia. Kamera ikalia. Vidole navyo vilikubali mara ya kwanza.

"Imetoka safi," alisema Osward, akipangusa jasho, na akamwonyesha picha. Ilikuwa ya mwanamke wa umri wake, anayefanana naye kama ndugu wanavyofanana.

Paspoti ilitoka ndani ya muda. Asubuhi ya safari, wakati jua linachomoza, Salvator aliwapeleka mkewe na Queen stendi. Mama alijifunika mtandio, hakusema sana, na Salvator hakushangaa, safari ndefu huwanyamazisha watu. Aliwapungia mkono mpaka basi la Dar likapotea.

Aliporudi nyumbani alisikia mtu anagonga mlango wa stoo ya mahindi kwa ndani. Alifungua. Odeta alitoka, vumbi limemjaa nywele, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Aliingia stoo alfajiri kuchota unga wa uji wa njiani, mlango ukajifunga, akasikia Queen anacheka mlangoni na mwanamke anamwambia avae viatu.

Hawakulia. Walikimbia mpaka ofisini kwa Osward.

Osward alimtazama Odeta, kisha akatazama picha kwenye skrini, kisha akamtazama tena. Hakutania.

"Naweza kumzuia," alisema. "Mpaka wafike uwanja wa ndege ni kesho. Lakini lazima mtu aandike hapa kwamba anayebeba paspoti ile siye mwenye jina lile."

Akasukuma karatasi na kalamu.

"Andika," alisema Salvator. "Mama Queen, andika."

Odeta alishika kalamu. "Nikiandika, mtoto anakuwaje?"

"Atashushwa," alisema Osward. "Wote wawili wataletwa huku. Safari itakuwa imekufa."

"Na kitanda?"

"Hilo si la ofisi yangu," alisema Osward.

Salvator alikuwa ameanza kulia. Odeta aliwaza midomo ya Queen kwenye ngazi tatu. Alilaza kalamu juu ya karatasi tupu, akairudisha kwa vidole viwili.

"Waache waende," alisema.

Baada ya siku kumi na tisa simu ya Salvator iliita, namba ya mbali. Salvator alikuwa shambani, simu kaiacha nyumbani, Odeta akapokea. Aliyepiga alikuwa muuguzi Mtanzania aliyefuatana na wagonjwa. Alisema upasuaji umekwenda vizuri, moyo unapiga sawasawa, midomo ina rangi yake. Alisema mama wa mtoto ni mtu wa ajabu, hatoki kitandani kwake usiku wala mchana, anampaka mafuta, anamwimbia Kirundi.

Odeta alikaa chini kwenye kizingiti. Aliuliza kama Queen anakula.

"Anakula sana," muuguzi alisema, akicheka. "Na wewe dada, ni nani wake, nimwambie mama yake kwamba umeuliza?"

"Mwambie ni mama mdogo," alisema Odeta.