Eda Isiyotangazwa

Jumamosi soko la Tandika halina pa kuweka mguu. Shomari alifika kwenye kibanda cha kuprinti jezi na kiroba begani, kavaa bukta ya bluu na ndala zilizojaa vumbi. Wateja wanne walikuwa mbele yake. Hakungoja. Alikipitisha kiroba juu ya vichwa vyao, kikatua mbele ya Najat, aliyekuwa anabana fulana kwenye mashine ya joto.

"Kaka, hawa waliotangulia hujawaona?"

"Nimewaona, dada. Ila sie tunacheza saa kumi."

"Saa hizi ni saa nane. Jezi ngapi?"

"Kumi na sita."

"Basi leo mtacheza vifua wazi."

Watu wakacheka. Shomari hakuudhika. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa anamkunjia kila jezi iliyotoka kwenye mashine. Najat alikuwa na mtandio wa zambarau, mikono ya baibui ameikunja mpaka kwenye viwiko, na vidole vyake vilikuwa na hina iliyoanza kufifia. Alipofika namba tatu akauliza ni ya nani. Aliposikia ni ya huyo aliyekalia ndoo, akamtazama miguu.

"Beki wa kushoto. Kumbe ndiyo maana magoli yote yanapitia huko."

"Njoo uone mwenyewe."

Alikwenda Jumamosi iliyofuata. Akamwona Shomari, kijana wa Kipawa, akipanda na kushuka ubavuni mwa uwanja wa vumbi kama aliyetumwa haraka, na krosi zake zikitua pale anapotaka. Wiki tatu baadaye walikuwa wanapigiana simu asubuhi na jioni. Shomari alimwita fundi. Najat alimwita namba tatu, na akimkasirikia alimwita Shomari.

Mguu huohuo wa kushoto ndio uliompa Shomari ajira. Timu ya jeshi ilimwona kwenye mashindano ya mtaani, ikamchukua, akapelekwa mafunzo, akarudi askari. Mama yake, Bi. Mwanabaraka, alishukuru Mungu. Shomari naye alifurahi, mpaka klabu moja kubwa ilipomtaka. Akaambiwa kwamba mchezaji huhama, lakini askari hahami. Jioni hiyo alimsimulia Najat kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaomba wazungumze mambo mengine.

Kuoa nako kulitaka kibali cha wakubwa. Aliandika barua. Akaambiwa asubiri. Akaandika nyingine. Mwaka ulipopita bila jibu, walifunga ndoa Ijumaa moja baada ya swala, sebuleni kwa baba mdogo wa Najat, mzee Mwinjuma, aliyeishi naye huko Kiwalani. Mzee ndiye aliyeozesha, kwa kuwa baba yake Najat alishafariki. Mashahidi walikuwa askari wawili, Twalib na mwenzake. Shomari alivaa kanzu ya kuazima iliyomfika nusu ya miguu. Mama yake hakuambiwa. Mama huyo alikuwa amechangia harusi za watoto wa wenzake miaka ishirini, akingoja zamu yake, na Shomari hakuweza kumwambia kwamba zamu imepita kimya kimya. Kibali kikitoka, alisema, tutafanya tena, kwa ngoma.

Kwa hiyo Najat akawa mke wa mtu aliyekuja kwake mchana, akipita uchochoro wa nyuma.

Mwezi wa sita wa ndoa Twalib alipita kibandani. Katika mazungumzo akasema Shomari anakwenda mashariki ya Kongo, na kwamba jina alijiandikisha mwenyewe. Najat alizima simu. Shomari aliondoka bila kuagana naye. Siku ya nne bosi wa kibanda alimpa Najat simu yake, akisema kuna mteja anamtaka.

"Fundi. Umenizimia simu siku nne."

"Mteja unataka jezi ngapi?"

"Usinifanyie hivyo, mke wangu."

Najat aligeukia ukuta ili wateja wasimwone uso.

"Umejiandikisha mwenyewe, Shomari. Hukulazimishwa na mtu."

"Wamesema wanaorudi ndio watakaofikiriwa kwanza. Kibali kitatoka. Nimechoka kuja kwako kama mwizi wa kuku."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Akafikiri. "Nisingekubali."

"Unaona sasa."

Akacheka bila kupenda, na Shomari akacheka upande wa pili, na mambo yakaishia hapo. Kuanzia siku ile alipiga kila alipopata mtandao. Alimwambia kule wanacheza mpira jioni kwa viatu vya jeshi, na kwamba yeye bado ni namba tatu. Wiki ya tano hakupiga. Gari lao lilikuwa limeshambuliwa barabarani.

Shomari alizikwa kwao Kipawa kwa heshima zote, tarumbeta na bendera. Najat alikwenda mapema akaingia uani pamoja na wanawake wanaopika. Wakamwuliza yeye ni nani wa marehemu.

"Mie nilikuwa nawaprintia jezi," akasema, akachukua sufuria akaanza kusugua.

Twalib alimfuata penye tanki la maji. Macho yake yalikuwa chini.

"Shemeji, ukisema, mashahidi ni wawili, wote tuko kazini. Tulijua hana kibali, tutafukuzwa. Mie nina watoto."

"Nimesema kitu, Twalib?"

"Hujasema."

"Basi niache nioshe vyombo."

Eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, aliikaa hivyohivyo, bila mtu kujua isipokuwa mzee Mwinjuma. Asingeweza kuacha kazi bila kusema sababu, hivyo mchana alikwenda Tandika na magharibi ilimkuta ndani. Alivua hereni, akaacha hina na manukato. Bosi akamtania kwamba siku hizi amekuwa mtawa. Hapakuwa na mkeka uliotandikwa kwa ajili yake, wala aliyekuja kumpa pole.

Siku ya tisini na mbili, Jumapili, washenga walibisha hodi Kiwalani. Bi. Mwanabaraka alikuwa kati yao. Alikuwa amemkumbuka binti aliyesugua sufuria za msiba huku machozi yakimdondoka, akaulizia anakokaa, na sasa alikuwa amekuja kumposea Khalfani, mdogo wake Shomari. Mzee Mwinjuma alijua fika kwamba mwanamke aliye edani haposwi. Lakini alizungusha tasbihi yake, akatazama sakafu, akasema watapewa jibu.

Bi. Mwanabaraka hakuwa mtu wa kungoja jibu. Aliwaacha wanaume sebuleni akaingia chumbani kwa Najat.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Khalfani ni mpole. Si mchezaji, si askari. Hutakuwa na roho juu kama mie."

"Siwezi, mama."

"Una mchumba?"

"Hapana."

"Basi kuna nini? Sema. Mie si mtu wa kukwazika."

Najat angeweza kusema hampendi Khalfani, na mambo yangekwisha. Alifungua mdomo aseme hivyo.

"Niko edani," akasema.

"Eda ya nani? Wewe uliolewa lini?"

"Ya Shomari."

Mama alikaa kitandani taratibu. Sauti yake haikuwa ya upole.

"Mliniozea mwanangu bila mie?"

"Ndiyo, mama."

"Nani walikuwepo?"

"Siwezi kuwataja."

Mama akamtazama masikio yasiyo na hereni, vidole visivyo na hina. Sebuleni mshenga alikohoa, akauliza kama tayari.

"Alivaa nini?" mama akauliza.

"Kanzu ya kuazima. Ilimfika hapa." Najat akaonyesha. "Alikuwa anaivuta chini kila dakika."

Kicheko kilimtoka mama ghafla, kikageuka kilio, akakizibia kwenye kanga. Najat hakuthubutu kumshika. Mama ndiye aliyemvuta.

"Siku zimebaki ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Nikikupeleka kwangu ukae kama mke wa mwanangu, watauliza."

"Watauliza, mama. Na kuna watu wataumia."

Bi. Mwanabaraka alijifuta uso, akajifunga kanga vizuri, akatoka sebuleni. Akawaambia washenga kwamba binti amekataa. Mmoja akasema kwa sauti, ili asikike chumbani, kwamba wasichana wa siku hizi wana kiburi. Mama akajibu kwamba yeye hajakata tamaa, atakuwa anakuja mwenyewe kumbembeleza.

Alikuja kila siku baada ya alasiri, na Najat aliomba ruhusa ya kutoka kazini mapema. Majirani wa Kiwalani walimwonea huruma mama wa watu, anayejidhalilisha kwa msichana mwenye roho ngumu. Ndani, mlango ukiwa umefungwa, mke na mama mtu walikaa mkekani wakizungumza habari za Shomari.

Siku ya mwisho ya eda mama alimwogesha Najat kwa mikono yake, akamvisha nguo mpya. Kisha akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Jirani mmoja akamwuliza vipi leo.

"Amekataa," akasema Bi. Mwanabaraka. "Sasa nimemwachia Mungu."